Vampaya wa vichekesho na mapenzi: wanamnasaje msomaji, na wakihamia Kigoma inakuwaje?

BintiKibirizi

Habari za jioni wanajukwaa.

Ninaandika hadithi ya mapenzi ya vampaya, yule mfu wa vitabuni anayeishi kwa damu, ya kuchekesha, ya kurushwa kipande kwa kipande kwenye kundi la WhatsApp. Msichana ni Zuhura, anaanika na kuuza dagaa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma. Mwanaume ni vampaya aliyeingia Kigoma enzi za Mjerumani na hajaondoka mpaka leo. Vipande vitatu viko tayari, ila vinatisha kidogo, vinapendeza kidogo, na kuchekesha havichekeshi kabisa.

Wajuzi naomba mnisaidie. Hizi riwaya za vampaya wa vichekesho humnasa msomaji kwa kitu gani hasa? Na zile sheria zake za jua (linamuunguza), kioo (haonekani humo), kitunguu saumu (hakivumilii) na kukaribishwa (haingii nyumbani asipoalikwa), nichukue zipi, niache zipi? Sitaki hadithi ya Ulaya iliyovalishwa kanga.

Kalamu Butu

Nianze na swali la kwanza, maana ukilikosea hilo mengine yote ni pambo.

Vampaya wa kutisha hana upungufu. Hafi, hazeeki, ana mali, ana macho ya kumlegeza mtu. Mwanaume asiyehitaji chochote unaweza kumwogopa au kumtamani, lakini kumpenda ni kazi. Kichekesho ndicho kinachompa upungufu. Mtu wa miaka 300 amesimama kizingitini nusu saa kwa sababu mtoto wa miaka minne amegoma kumwambia karibu: hapo msomaji anaanza kumwonea huruma, na huruma ikishaingia mapenzi hayako mbali. Ila angalia kipimo. Hatari yake isiondoke. Aweze bado kuung'oa ule mlango kwa kidole, na asiung'oe. Na kuumbuka kwake kuwe mbele ya Zuhura, au Zuhura na bibi yake, basi. Akiumbuka mbele ya soko zima anageuka kikaragosi, na hakuna anayetaka kuolewa na kikaragosi.

La pili ni kizuizi. Hadithi ya mapenzi ya kawaida inahangaika kutafuta cha kuwatenganisha wapenzi, ndiyo maana zimejaa simu zisizopokelewa na binamu aliyedhaniwa mchumba. Vampaya anakuja na vizuizi vyake mfukoni: mmoja atazeeka na mwingine hazeeki, mmoja wa mchana na mwingine wa usiku, na mmoja, tusifichane, ni chakula cha mwenzake. Msomaji wa mapenzi anajua tangu mwanzo kwamba hawa wawili wataishia pamoja. Ndicho alichonunulia bando. Anasubiri kuona watapitia wapi.

Sasa sheria. Usiziogope, si maandiko matakatifu. Katika riwaya ya Dracula ya Bram Stoker ya 1897 vampaya mwenyewe anaonekana mchana mitaani London, nguvu zake tu ndizo zinazopungua. Habari ya kuuawa na jua ilikuja na filamu ya Kijerumani Nosferatu ya 1922. Kila aliyefuata amekata na kushona atakavyo. Wewe chukua nne, zisizidi. Kila moja itajwe waziwazi angalau kipande kimoja kabla haijafanya kazi, na ukishaitaja usiilegeze. Hadithi nyingi za aina hii zinafia hapa: mwandishi amebanwa kipande cha kumi, anamgawia vampaya mafuta fulani ya kujipaka ili atoke juani, na kuanzia siku hiyo msomaji haamini tena kizuizi chochote.

Mimi ningekuachia jua, kukaribishwa, kitunguu saumu, na moja ambayo wengi wameisahau: kuhesabu. Ulaya Mashariki watu walikuwa wakimwaga mbegu ndogo ndogo kama mtama kaburini au njiani, kwa imani kwamba mfu yule lazima azihesabu moja moja kabla hajaendelea na safari yake. Na Zuhura wako anauza nini? Sado, yaani kopo la kupimia, la dagaa limwagike miguuni pa vampaya saa kumi alfajiri. Akihesabu mmoja kwa sekunde ni 3,600 kwa saa. Mpaka jua litoke ana kama saa tatu, yaani 10,800 asipokosea. Na atakosea, kwa sababu Zuhura anaongea. Kila akiulizwa swali hesabu inampotea, anaanza upya. Hapo una mazungumzo yao ya kwanza ya kweli, una hatari yenye saa yake, na una sababu ya Zuhura kuchuchumaa amsaidie. Kichekesho na mapenzi viko kwenye tendo moja. Ukiona kichekesho kiko aya hii na mapenzi yako aya ile, futa zote mbili.

Kioo achana nacho. Kina kichekesho kimoja tu, na kimeshatumika sana.

Halafu, tafadhali, vampaya asijue kwamba anachekesha. Asiyatanie meno yake mwenyewe. Anayechekesha ni yule anayeumia kwa dhati kwa jambo dogo.

Mbalamwezi

Hapo kwenye muda wa saa tatu mkuu umelenga, ila dada asije akachukua saa za Dar. Sisi tuko magharibi mno, na saa tunayotumia ni ileile ya Dar. Jua la Kigoma linazama na kuchomoza kama dakika 38 nyuma ya Dar: jioni ni karibu saa moja, mwezi wa pili hata saa moja na dakika ishirini, na asubuhi vilevile ni karibu saa moja. Ukiandika "saa kumi na mbili jioni giza likaingia, akaamka", msomaji wa mtaa wa Mwanga, Kigoma, atakuuliza giza la wapi.

Jingine, usiku wetu hauongezeki. Vampaya wa London ana usiku wa saa 16 mwezi Desemba, kisha Juni anabaki na saa saba na ushei. Wa kwetu ana kama saa 12 mwaka mzima. Na mapambazuko ni mafupi: tangu mwanga wa kutambua sura ya mtu hadi jua lenyewe kuchomoza ni dakika 20 na kidogo. Matukio yako ya kuagana alfajiri yatoshee humo. Mtu hawezi kutoa hotuba ya mapenzi ya kurasa tatu huku anaungua.

Kazi mpe ya kuvua dagaa, nusu ya matatizo yako itaisha. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, mwanga ndio unaowakusanya. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo, kwanza, hakuna mtu Kibirizi atakayeshangaa mwanaume kulala mchana kutwa. Pili, una kalenda: usiku wa giza yuko ziwani, siku za mbalamwezi ana nafasi ya kumtembelea Zuhura. Kwenye hadithi za wenzetu mwezi mpevu ukitokea watu wanafunga milango. Kwako ni likizo ya wavuvi.

Zuhura yeye anaishi kwa jua. Mvua ikiwakuta dagaa mchangani wanaharibika, hasara. Yaani siku ya wingu zito, ambayo vampaya anaweza angalau kutoa pua nje, kwa Zuhura ni msiba. Usiwape siku moja nzuri wote wawili mpaka hadithi ifike mbali.

Na alivyoingia Kigoma usihangaike kubuni, historia imeshakuandalia. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja Dar kwa bahari na Kigoma kwa reli. Ikashushwa ziwani 1915. Wewe ongeza sanduku moja lisilokuwa kwenye orodha. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, baada ya kuzipaka mashine zake grisi zisile kutu. Waingereza wakaiibua 1924, ikaanza safari kwa jina la Liemba 1927. Kama jamaa alikuwa amelala humo siku ya kuzamishwa, ana miaka kadhaa chini ya maji, tena amepakwa grisi. Akilalamikia jambo lolote katika maisha yake, liwe hilo, na alilalamikie kila kipande.

MwanaUjiji

Mbalamwezi umenichekesha na hiyo grisi.

Mimi nazungumzia kukaribishwa, maana hii sheria ikitua kwetu inapinduka. Ulaya mtu anafikiria kabla hajamwambia mgeni ingia. Huku "karibu" inatoka kama pumzi. Mtu anapita barabarani, umeshika tonge, unamwambia karibu, na wala hutegemei aje. Ukiiacha sheria ilivyo, vampaya wako ameshakaribishwa nyumba zote za Ujiji kabla ya Isha, na kizuizi kimekwisha. Kwa hiyo iwekee masharti: liwe neno "karibu ndani", lisemwe na mtu anayelala katika nyumba hiyo, naye awe ameshajua ni nani anayebisha hodi. Hodi zenyewe ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, muungwana anaondoka. Vampaya wa miaka 300 atakuwa muungwana kuliko vijana wa leo, kwa hiyo ataondoka kweli, atarudi kesho, atapiga tatu nyingine.

Kibarazani si ndani. Hilo litumie sana. Anaweza kuketi mkekani kibarazani kila siku ya mbalamwezi, bibi akiwa ndani na pazia likiwa katikati, wakawa wanazungumza. Uchumba mzima unaweza kwenda hivyo vipande vinane bila kuchosha.

Halafu salamu. Anaonekana kijana wa miaka 25, bibi ana 70. Lazima amwamkie shikamoo, na bibi aitike marahaba, huku wewe na msomaji mnajua nani alistahili kumwamkia nani. Mwanzoni imkwame kooni. Baadaye, bibi akishajua siri, ndipo mambo yanakuwa matamu: kwetu bibi na mjukuu wanataniana, bibi anamwita mjukuu wa kiume mume wangu. Sasa huyu anayetaka kuwa mkwe ni mkubwa kwa babu wa bibi. Nani mjukuu wa nani? Usilijibu swali hilo, liache liwatese.

Posa: mshenga anapatikana, nahodha wake wa mtumbwi atafaa. Barua ya posa itapendeza, mwandiko wake wa zamani lazima uwe mzuri. Wazee wa upande wa Zuhura watauliza ukoo, na hapo asidanganye. Aseme kweli yote kwa namna ambayo hakuna atakayeielewa. "Wazazi wako wapo?" "Walitangulia." "Lini?" "Zamani kidogo." Ndoa yenyewe haina sharti la mchana, ifungwe baada ya Isha. Tatizo ni pilau. Pilau isiyo na kitunguu saumu haipo, na bwana harusi asiyegusa pilau ya ukweni anaonekana ana kiburi. Amua mapema saumu inamfanya nini hasa. Ikimuua huna kichekesho. Ningempa chafya: kijiko kimoja, chafya saba mfululizo, na kila chafya watu wanamwombea rehema.

Mawese pia. Kigoma nguo yenye doa jekundu ni ya mtu aliyekula vizuri. Zuhura anaweza kumkuta ana wekundu kidevuni, akatetemeka kipande kizima, kumbe kwa nahodha wamekula mgebuka wa mawese. Lakini itokee mara moja tu.

Ukigusa dini, shehe asifanywe mjinga. Bibi yeye ana hoja nzito kuliko zote: vampaya kuwa mfu hakumsumbui sana, Mungu ana siri zake. Linalomsumbua ni kwamba damu ni haramu.

Isevya

Niko Tabora, nina tahadhari mbili na zawadi moja.

Tahadhari ya kwanza: usimwite mumiani. Vampaya ni mgeni wa vitabuni, anachekeka. Mumiani ni uvumi wa kwetu. Enzi za ukoloni watu wa Afrika Mashariki waliamini wazimamoto wanakamata watu usiku na kuwatoa damu, na wapo walioshambuliwa kwa kushukiwa tu. Neno hilo likiingia, msomaji mwenye umri anaacha kucheka. Mhusika mmoja anaweza kulitaja kwa kunong'ona, ili tujue kwa nini siri lazima ilindwe, kisha uliache.

Ya pili: macho mekundu ondoa kabisa. Huku kanda ya magharibi na kanda ya ziwa vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu wenyewe ni moshi wa jikoni wa miaka mingi. Vampaya wako atambulike kwa kitu kingine: mikono ya baridi, Kiswahili cha kizamani, hana jasho Oktoba.

Damu anapata wapi? Wengi wanakimbilia benki ya damu ya hospitali. Usifanye hivyo hata kwa mzaha, damu inayokosekana wodi ya wazazi haimchekeshi mtu. Machinjioni kunatosha, kazi yao inaanza kabla hakujakucha na damu humwagwa tu. Ukitaka maelezo ya kweli: damu ikitoka inaanza kuganda ndani ya dakika chache, kwa hiyo anakwenda na kidumu na mwiko wa kukorogea, anakoroga njia nzima huku amekaa nyuma ya bodaboda. Akibana kidumu bila kukoroga, nyumbani anakuta donge. Mtu mzima ana damu kama lita tano, na mchangiaji hutolewa mililita 450 hivi, kwa hiyo siku Zuhura akijitolea mwenyewe, nusu lita ndio mwisho, na awe ameshiba. Hilo tukio liandike kwa utulivu, ndilo la mapenzi kuliko busu lolote.

Zawadi: 1916 Wajerumani waliokwama Tabora walitengeneza sarafu papa hapa, ikiwemo ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Vampaya anazo kopo zima. Anampa bodaboda moja, na bodaboda anamjibu hana chenji, tena hiyo hela haipokelewi.

Na kama Zuhura ana mtani Mnyamwezi, mlete. Kwenye msiba mtani ana haki ya kuigiza marehemu na kudai chake. Vampaya ni mtu ambaye msiba wake ulishapita bila watani kulipwa. Deni la miaka yote hiyo litadaiwa.

BintiKibirizi

Wakuu, Mungu awabariki. Nimeshafuta vipande viwili kati ya vitatu.

Mawili ya mwisho. Zuhura ajue lini kwamba ni vampaya? Nilipanga kipande cha 15 kati ya 30. Na mwishoni, vampaya amgeuze Zuhura naye awe vampaya?

Kalamu Butu

Kipande cha 15 umechelewa mno. Hiyo ni mipango ya hadithi ya kutisha. Kwenye kichekesho siri inachekesha pale watu wawili wanapoijua na wengine wote hawajui. Zuhura ajue kipande cha nne, kile cha kuhesabu dagaa kitafaa. Bibi ajue cha 12. Nahodha ilibidi awe anajua tangu zamani na hajawahi kusema, kwa sababu mvuvi asiyesinzia usiku na asiyeomba mgawo wa kitoweo ni mali.

Urefu: maneno 700 hadi 900 kwa kipande, zaidi ya hapo kwenye simu watu wanaruka. Kata kipande mtu akiwa ameulizwa swali na hajajibu. Usikate kwenye kelele, ukifanya hivyo mara tatu wasomaji wanajua mtindo wako.

Kumgeuza: hapana. Zuhura akigeuka analipoteza jua, na jua ndiyo kazi yake. Swali la hadithi lilikuwa kama kila mmoja ataendelea kuwa yeye, sasa ukimfanya awe kama mwenzake umelikwepa swali ulilolianzisha mwenyewe. Mwache achague kuzeeka, na mwanaume achague kukaa pale pale. Kipande cha mwisho kiwe miaka 40 baadaye, kifupi, maneno 300. Wako kibarazani. Safari hii Zuhura ndiye anayeonekana bibi, na watoto wa mtaani wanamwamkia yeye shikamoo na kumpita mumewe kama rika lao. Zuhura bado anamtuma mumewe dagaa. Mwisho mwema haudai kwamba wote wasife, unadai kwamba msomaji aridhike walichagua sawasawa.

Mbalamwezi

Niongeze dogo. Mmesema kibarazani si ndani. Na uani je? Nyumba za Ujiji mtu anaweza kupita ubavuni akaingia uani bila kugusa ukumbi. Vampaya mjanja atalitumia hilo.

MwanaUjiji

Uani ni ndani. Wanawake wanapika uani, watoto wanaoga uani. Mwanaume wa nje akikutwa uani bila hodi atajieleza.

Mbalamwezi

Lakini hakuna paa. Sheria inasema nyumba.

Isevya

Kwetu mtu analala uani wakati wa joto. Penye kitanda ni ndani.

BintiKibirizi

Basi huo ndio ugomvi wa kipande cha saba. Nahodha atasema kama Mbalamwezi, bibi kama MwanaUjiji, na vampaya atakuwa amesimama mguu mmoja uani na mmoja uchochoroni, anasubiri wamalize.